Bolti Iliyokatika Usiitupe



Vijiji vingi vya Tanzania vina gari moja au mawili tu. Mara nyingi ni pikapu ya Toyota, au Land Rover ya zamani iliyopita mikononi mwa watu wengi. Gari hilo hilo hubeba mahindi kwenda gulioni. Hubeba saruji na mabati ya shule. Usiku hubeba mama mjamzito kwenda hospitali. Likisimama, mambo mengi husimama nalo. Ndiyo maana likiharibika watu hawangoji fundi wa mjini. Huchukua jeki, spana na nyundo, wakaingia chini ya gari wenyewe.

Mimi siwalaumu watu hao. Wako wanaosema kwamba mtu asiyesomea ufundi asiguse gari hata kidogo, alipeleke gereji. Maneno hayo husemwa na mtu anayekaa karibu na gereji. Aliye mbali, na barabara imekatika kwa mvua, atalipelekaje gari lisiloweza kutembea? Kujitengenezea ni jambo jema. Hupunguza gharama na huongeza ujuzi.

Lakini liko jambo moja ambalo nataka tugombane kidogo, wewe na mimi. Nalo ni namna tunavyoitendea bolti iliyokatika. Bolti ya springi ikikatika, tunaitoa kwa hasira na kuitupa majanini. Kisha tunatafuta bolti yoyote inayopita katika tundu lile, au tunakata kipande cha nondo na kukitia hesi. Gari linaondoka na watu kumi na wawili juu yake. Nasema kwamba desturi hiyo ni mbaya kuliko kuliacha gari limesimama chini ya mwembe.

Hebu tuangalie kwa nini.

KAZI YA KILA BOLTI

Nitazungumza juu ya springi za mabapa, yaani zile zenye vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Hizo ndizo tunazoziona nyuma ya pikapu nyingi, na mbele na nyuma ya Land Rover za zamani. Katikati ya mabapa hayo kuna tundu moja linalopita yote. Ndani yake kuna bolti moja inayoyashika pamoja. Mafundi huiita senta bolti. Kichwa chake hukaa katika kitundu kilichopo kwenye kiti cha ekseli. Halafu kuna bolti mbili zilizopindwa kama herufi U. Hizo ni yubolti. Zinaizunguka ekseli na kuibana springi kwa nati nne.

Sasa nikuulize. Ni ipi kati ya hizo inayoishika ekseli isiondoke mahali pake? Wengi watajibu kuwa ni senta bolti, kwa sababu ndiyo iliyo katikati. Sivyo. Zinazoishika ekseli ni yubolti. Fikiri mzigo wa kuni uliofungwa nyuma ya baiskeli. Kamba ndizo zinazobana. Kama umechomeka kijiti katikati ili kuni zisiteleze, kijiti hicho kinakusaidia kuupanga mzigo tu. Kamba zikilegea, kijiti hakitauzuia mzigo. Kitavunjika.

Ndivyo ilivyo chini ya gari. Yubolti zikilegea, springi huanza kucheza juu ya ekseli. Kila dereva anapokanyaga breki, ekseli husukumwa. Kila gari linapoingia shimoni, ekseli husukumwa tena. Nguvu yote hiyo huangukia senta bolti, ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Siku moja inakatika. Watu wanalaani bolti. Wanatia nyingine, wala hawagusi yubolti. Baada ya muda mfupi ile mpya inakatika vile vile, nao wanasema maduka ya siku hizi yanauza vitu hafifu. Pengine ni kweli kuhusu maduka, lakini safari hii duka halina hatia.

Dalili yake unaweza kuiona hata kabla hujaingia chini ya gari. Simama nyuma ya gari linapokwenda barabara iliyonyoka. Likienda mshazari kidogo, kama mbwa anayekimbia, ekseli imehama. Ukitaka uhakika, nyoosha magurudumu ya mbele, kisha chukua kamba. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia. Pima vile vile upande wa kushoto. Urefu ukitofautiana wazi wazi, usimpakie mtu.

SOMA KILE CHUMA

Umejifunza kusoma herufi. Bolti iliyokatika nayo ina habari yake, na habari hiyo iko mahali palipokatika. Ndiyo maana nasema usiitupe. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ipeleke kwenye mwanga wa jua, uitazame usoni.

Ukiona uso wote una chembechembe za kijivu zinazong'aa, na hakuna kutu, basi imekatika mara moja. Pengine ilikazwa kupita kiasi. Ukiona shingo yake imerefuka na kuwa nyembamba kabla ya kukatika, hiyo ilikuwa laini mno kwa kazi yake, au mtu alitia bomba refu kwenye spana ili apate nguvu.

Lakini mara nyingi utaona uso wa namna mbili. Sehemu moja ni laini na nyeusi nyeusi, labda ina kutu. Ukiitazama sana utaona mistari iliyopinda, kama ile inayoachwa mchangani bahari inapokupwa. Sehemu ya pili ni ndogo, ina mikwaruzo, nayo inang'aa. Maana yake ni hii: bolti hiyo haikukatika leo. Ilianza kupasuka zamani, pengine miezi mingi iliyopita. Kila tikisiko lilisogeza ufa mbele kidogo. Ile sehemu ndogo inayong'aa ndiyo iliyobaki ikiushika mzigo peke yake siku ya mwisho. Huo huitwa uchovu wa chuma.

Bolti iliyochoka hutuambia kwamba kulikuwa na kulegea. Bolti iliyokazwa sawasawa haitikisiki ndani ya tundu lake, na chuma kisichotikisika huchoka polepole sana. Kwa hiyo ukiona uso huo, tafuta kilicholegea. Tazama nati za yubolti. Tazama kama tundu limepanuka na kuwa kama yai. Tazama bushi za mpira kwenye ncha za springi. Na bolti ya pili yake, ile ya upande wa pili wa gari, imepita barabara zile zile kwa muda ule ule. Ifungue nayo uitazame. Watu wengi hawapendi kufanya hivyo kwa sababu ile ya pili “bado nzima”. Mimi naona hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote ya matengenezo ya kijijini: kutengeneza kilichovunjika tu na kumwacha pacha wake.

NAMBA ZA KICHWANI

Hapa ndipo kisomo chako kinapolipa. Geuza kichwa cha bolti. Kama ni ya vipimo vya milimita, utaona namba mbili zenye nukta katikati: 4.6, au 4.8, au 8.8, au 10.9. Hizo si bei wala si ukubwa. Ni nguvu ya chuma chenyewe.

Namba ya kwanza inaonyesha nguvu ya chuma mpaka kinapokatika. Chuma cha 8 kina nguvu mara mbili ya chuma cha 4. Namba ya pili inaonyesha ni wapi kinaanza kurefuka kisirudi tena. Pointi 8 maana yake ni sehemu 8 kati ya 10 za nguvu hiyo. Pointi 6 maana yake ni sehemu 6 kati ya 10.

Tufanye hesabu. Chukua bolti mbili zenye unene wa milimita 10, hesi za kawaida. Ya 8.8 ikivutwa hukatika kwenye kiasi cha tani 4.7, na huanza kurefuka kwenye tani 3.8 hivi. Ya 4.6 hukatika kwenye tani 2.4, na huanza kurefuka kwenye tani 1.4 tu. Ziweke mezani pamoja. Zina rangi moja na urefu mmoja, na nati moja inaingia kotekote. Asiyesoma kichwani ataziona ndugu wa tumbo moja. Lakini moja itarefuka kwenye mzigo ambao mwenzake hausikii. Ikirefuka, nati inabaki haina kazi. Springi inalegea. Mengine unayajua.

Nondo haina namba kichwani, maana haina kichwa. Imetengenezwa ilale ndani ya zege. Hesi zinazokatwa juu yake kwa mkono huwa na mikwaruzo, na ufa wa uchovu hupenda kuanzia kwenye mkwaruzo. Najua utanijibu: “Mbona ya kwetu tuliitia mwaka juzi na bado ipo?” Ipo, sawa. Hata bolti niliyoieleza juu, iliyopasuka miezi mingi, ilikuwa ipo mpaka asubuhi ile ilipokatika.

Wengine hukosea upande wa pili. Wanatafuta bolti ngumu kuliko zote. Chuma kigumu mno hakivumilii mpindo, hukatika bila kutoa dalili. Ilikuwa 8.8, tia 8.8. Ilikuwa 10.9, tia 10.9.

Kwenye magari ya zamani ya Kiingereza mambo ni mengine. Land Rover za kuanzia mwaka 1948 hadi miaka ya 1970 zilitumia zaidi bolti za inchi. Nguvu ya bolti nyingi za inchi haiandikwi kwa namba. Huonyeshwa kwa mistari midogo kichwani: mitatu ni chuma imara, sita ni imara zaidi, na isiyo na mstari ni ya kawaida. Bolti ya inchi tatu ya nane ina unene wa milimita 9.5. Ukiitia katika tundu la milimita 10 inaingia bila shida, tena inacheza. Kucheza huko ndiko mwanzo wa uchovu niliokueleza.

Na kuna mtego wa spana. Mtu anakwenda dukani anasema, “Nipe bolti ya kumi na saba.” Kumi na saba ni ukubwa wa spana inayoshika kichwa. Si unene wa bolti. Magari ya Japani hutumia spana ya 17 kwa bolti ya milimita 12. Bolti nyingi zilizotengenezwa kwa vipimo vya Ujerumani hutumia spana hiyo hiyo ya 17 kwa bolti ya milimita 10. Mwenye duka atakupa yoyote kati ya hizo, naye hakukudanganya, kwa maana kichwa ni cha 17 kweli. Wewe unarudi kijijini na bolti ya 10 ya kutia katika tundu la 12.

Kwa hiyo mpe mtu anayekwenda mjini ile bolti iliyokatika, vipande vyote viwili, pamoja na nati yake. Mwandikie karatasi: unene, urefu, namba ya kichwani, aina ya gari na mwaka wake. Aijaribu nati ya zamani kwenye bolti mpya, izunguke kwa vidole mpaka mwisho. Ikikwama katikati, hesi si zile. Bolti ya milimita 10 peke yake ina hesi za namna zaidi ya moja, pana na nyembamba.

JUU YA KUITOA

Bolti nyingi hazikatiki barabarani. Hukatika mikononi mwetu tunapozifungua. Kutu ndiyo sababu kubwa, hasa pwani, Tanga, Kilwa, Mafia na Unguja, ambako upepo una chumvi. Kutu hujaa katika hesi na kushika kama saruji. Mtu mwenye nguvu anapiga spana teke, kichwa kinabaki ndani ya spana.

Dawa yake ni ya bei nafuu lakini watu hawaipendi, kwa sababu ni kungoja. Sugua hesi zilizo nje kwa brashi ya waya. Tia mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili. Gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, si kwa nguvu, mara nyingi, ili kutu ipasuke na mafuta yaingie. Acha mpaka kesho. Tia tena. Siku ya kufungua, kaza kidogo kwanza kabla ya kulegeza. Ikisogea hata unywele, irudishe, tia mafuta, isogeze tena. Kwenda na kurudi huko ndiko kunakosafisha hesi. Tumia spana ya pete, kwa sababu ile ya mdomo wazi hula kona za nati.

Kuna jambo dogo ambalo limevunja bolti nyingi. Ukiwa umelala chali chini ya gari, mkono hugeuka. Unadhani unafungua kumbe unakaza. Tazama nati kana kwamba ni uso wa saa, na uso huo unakutazama wewe. Kufungua ni kwenda kinyume cha mishale.

Ikigoma kabisa, usione aibu kuikata. Nati iliyooza hupasuliwa kwa tindo au kwa msumeno wa chuma. Yubolti za zamani mimi nashauri zikatwe tu bila huzuni. Ukizifungua usizirudishe, kwa maana zimekwisha kurefuka na kuchoka. Bolti ya ncha ya springi nayo mara nyingi hushikamana na bomba la chuma lililo ndani ya bushi. Hapo kupiga nyundo ni kupoteza jasho. Pitisha msumeno pande zote mbili za springi, utoe vyote, utie bushi mpya.

Kazi inakuwa ngumu pale kipande kinapobaki ndani ya tundu lisilotokea upande wa pili. Kama kinachungulia nje, mchomeleaji anaweza kukitia nati juu yake na kuichomelea. Joto lenyewe hulegeza kutu, na nati inakupa mahali pa kushika. Afungue waya za betri kwanza. Kama hakichungulii, kipigwe tupa kiwe sawa, kiwekwe alama katikati kabisa, kitobolewe kwa biti nyembamba ya keekee, kisha nene kidogo. Kuna vyuma vya kuchomolea vyenye hesi za kinyume. Vinasaidia, lakini ni vigumu kama kioo. Kimoja kikikatikia ndani, keekee ya kawaida haitakitoboa, na shida ya saa moja imekuwa ya wiki. Hapo mimi nasema mpe fundi mwenye zana. Si kila fundi wa jina ni fundi, lakini keekee ya mezani na mkono uliozoea vina thamani yake.

Juu ya moto nina maneno machache. Kuchemsha nati mpaka iwe nyekundu husaidia. Lakini usichemshe bapa la springi wala usilichomelee. Chuma cha springi kilipewa ugumu wake kwa moto kiwandani, na moto wako utauondoa. Litapinda, au litakatika pale pale ulipochomelea. Usilete moto karibu na shokapu, kwa sababu ndani yake kuna mafuta, na nyingine zina gesi iliyobanwa. Usilete moto karibu na tangi wala mipira ya breki. Na kama ulimwaga mafuta ya taa tangu jana, futa kwanza.

JEKI SI NGUZO

Hili sitaki tugombane. Naliamuru.

Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia. Iliyo ya mafuta hushuka polepole mpira wake ukichakaa. Ile ya kuzungusha huanguka gari likisukumwa, na anayefungua bolti yenye kutu hulisukuma gari kwa nguvu zake zote. Tia kabari kwenye magurudumu yaliyobaki chini. Weka stendi za chuma chini ya chasisi, au magogo manene yaliyokatwa sawasawa na kupangwa kwa kupishana. Matofali na mawe hupasuka ghafula. Litikise gari kwa mikono kabla hujaingia. Kama litaanguka, na lianguke wewe uko nje.

Kabla ya kufungua senta bolti, mabapa yabanwe kwa jiriwa ya mkono au klampu mbili. Yamekaa yamekunjwa kwa nguvu, na bolti ikitoka huruka. Vaa miwani unapopiga tindo.

Na springi za koili, kama zile za Land Rover 110 iliyotoka mwaka 1983, au zile za mbele za magari madogo zilizozungushwa juu ya shokapu, ni mnyama mwingine. Zile za magari madogo hubanwa daima ndani ya kitako chake. Ukifungua nati ya juu bila kuibana koili kwa zana yake maalumu, inaruka kwa nguvu ya kuua. Hapo naungana na wale wa mjini. Peleka gereji, hata kama ni kwa kukokotwa.

KOPO NA MKEBE

Karibu kila nyumba yenye gari au trekta ina kopo la bolti kuukuu. Nami nalipenda kopo hilo. Hutengeneza kitanda, mlango wa banda la kuku, na toroli. Ugomvi wangu ni pale kopo linapotengeneza springi. Bolti ya kopo haijulikani imebeba nini wala kwa miaka mingapi. Huenda ina ufa usioonekana kwa macho.

Kama gari ni la chama cha ushirika, au la kikundi, au hata la mtu mmoja linalotegemewa na wengi, liwe na mkebe wake wenyewe. Ndani ziwekwe senta bolti mbili, yubolti nne pamoja na nati zake, bolti mbili za ncha za springi, na washa. Zote zipakwe grisi na kufungwa kwa karatasi ya nailoni. Senta bolti moja kwa kawaida bei yake haifiki bei ya kuku mmoja. Yubolti ni ghali zaidi, lakini hata hizo ni nafuu kuliko siku moja ya mahindi yaliyokwama njiani kwenye mvua. Katika mikutano nimesikia wahasibu wakikataa matumizi hayo kwa sababu “bado hakijaharibika kitu”. Wahasibu hao hao hupitisha fedha za kulipaka gari rangi.

Siku ya kuzitia, safisha kiti cha ekseli mpaka kichwa cha senta bolti kikae vizuri katika kitundu chake. Kaza nati nne za yubolti kidogo kidogo kwa kupishana, huku na huku, hesi zilizobaki nje zilingane pande zote. Kama kitabu cha gari kipo, kipimo cha kukaza kimeandikwa humo. Azima spana yenye kipimo. Bolti za ncha zenye bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza springi ikiwa inaning'inia, mpira utabaki umesokotwa na utapasuka mapema.

Kisha gari liende safari moja lenye mzigo, kiasi cha kilomita 100, lirudi, mkaze yubolti tena. Mabapa mapya huwa yanajipanga, rangi na kutu husagika, na nati ambazo jana zilikuwa ngumu leo zitakubali kusogea. Mtu mmoja apewe kazi hiyo kwa jina, aandike tarehe katika daftari la gari, na vipande vya ile bolti ya zamani vifungwe kwa waya na kutundikwa ukutani karibu na daftari, ili fundi atakayekuja avione.